Namna Nilivyofanywa Kiziwi Shambani

Kwanza kabisa niseme masikio yangu ni mazima. Mbu namsikia akiwa bado nje ya neti. Mwanamke akifua nguo kule ziwani, akiipiga juu ya jiwe, nakwambia kama ni shuka au ni suruali ya mumewe, na sijamwona. Nalisema hili mwanzo kwa sababu kwa miezi mingi watu wangu wote, pamoja na binti niliyemzaa mwenyewe, walikuwa wakiongea na mimi kwa kupiga kelele kama mtu anayeita kivuko ambacho kimeshaondoka. Na aliyewaambia kwamba mimi sisikii ni mtu niliyetembea mbele yake miaka thelathini bila kugeuka nyuma.

Shule nilifika darasa la tatu tu, kwa hiyo nikipotea njia katika kuandika, mnisubiri, nitarudi.

Sisi kwetu tulilima kwa ng'ombe. Asiyejua kazi hiyo anaona ni ng'ombe wawili na plau, basi. Hapana. Kuna watu wawili. Mmoja anatangulia na kamba ya ng'ombe, mwingine yuko nyuma ameshika plau. Mimi nilikuwa wa mbele. Mwenzangu alikuwa wa nyuma. Hatukuzaliwa tumbo moja, ila nilimzidi miaka miwili, kwa hiyo ananiita kaka na mimi namwita mdogo wangu, na watoto wangu wanamwita baba mdogo, wala hakuna aliyewahi kuuliza undugu umetokea wapi. Sasa mtu wa mbele haoni nyuma. Ule ulimi wa chuma uko hatua chache kutoka kisigino chake, na kati yake na chuma kuna ng'ombe na kuna mikono ya mtu. Anachotegemea ni sikio. Plau ikigonga jiwe, nasikia. Mwenzangu akichoka, pumzi yake naisikia. Hata akikasirika na mkewe asubuhi, nilikuwa najua kwa jinsi plau inavyokwaruza.

Alikuwa mshika plau ambaye kuanzia kwetu hadi Kigongo hukuti mwingine. Mstari wake ungeweza kuulalia kama kitanda. Watu walikuja kumwangalia. Jina lake lilikuwa mikono yake, kumbukeni hilo, nitalihitaji baadaye.

Na niwe mkweli, kwa kuwa nimeamua kuandika. Kuna mwaka tuliazima ng'ombe wa jirani, nami nikaachia kamba ili niwashe sigara. Ng'ombe mmoja akaingiza mguu katikati ya majabali, mguu ukavunjika. Mwenye ng'ombe alipokuja, mimi nilikauka mdomo. Mwenzangu ndiye aliyesema, "Nyoka, mzee. Nyoka mkubwa, amewashtua." Akaonyesha na ukubwa kwa mkono. Mwenye ng'ombe akaamini, kwa sababu mwenzangu ana uso ambao ukiutazama unaona aibu kutouamini. Nami nikafurahi, jamani. Siku ile nilijua kwamba anaweza kudanganya vizuri sana, nikashukuru tu kwamba anadanganya kwa upande wangu.

Haya. Ng'ombe wakaisha. Miguu yetu nayo ikawa si ya kufuata ng'ombe. Tukabaki na kishamba changu cha pwani ya ziwa, nyanya, mchicha, tikiti, bamia kidogo. Zamani tikiti tulikuwa tunawauzia watu waliosubiri kivuko. Sasa daraja linapitisha magari, watu wanapita juu huko bila hata kushusha kioo, lakini hayo ni mengine.

Binti yangu anaishi Buzuruga, ana duka la vitenge karibu na stendi. Yeye ndiye aliyetuletea mashine. Siyo pawatila ile kubwa ya mpunga yenye magurudumu makubwa. Hii ni ndogo, ina mikono miwili kama ya toroli, injini ya petroli inayowashwa kwa kuvuta kamba, na chini visu vya chuma vilivyopinda, vinazunguka na kusaga udongo. Alikuja nayo mwanamke mmoja kijana wa duka la mashine, amevaa gambuti hadi magotini. Akatuamkia vizuri, "Shikamooni wazee," tukaitikia, tukakaa kwenye ndoo kusikiliza kama watoto wa darasa la kwanza.

Yule mwanamke alikuwa anajua kazi. Alituonyesha chuma kimoja chini ya mshikio, anakiita klachi. Ukikibana pamoja na mshikio, visu vinazunguka. Ukikiachia, visu vinasimama palepale, hata kama injini bado inaunguruma.

"Hiki ndicho roho zenu," akasema. "Ukijikwaa, ukianguka, ukishtuka, mkono unaachia wenyewe, na mashine inasimama. Msikichezee."

Mwenzangu akauliza, "Na ikigoma kusimama, tuiambieje?"

"Mzee, huyu hana masikio. Ng'ombe ukimwambia simama anasimama. Huyu anasikia mkono tu."

Tukacheka. Akaendelea. Majani yakijisokota kwenye visu, zima injini kwanza, ndipo uguse. Usiivute kurudi nyuma kuelekea miguuni mwako. Petroli usitie ikiwa bado ya moto. Vaa gambuti. Safisha shamba kabla ya kuwasha. Halafu akanitazama mimi, maana nilikuwa nimeshasimama mbele ya mashine bila kujua. Miguu yenyewe ilikuwa imenipeleka.

"Babu, hapo hapakai mtu."

"Mimi ndiye wa mbele," nikamwambia.

"Hii haina wa mbele."

Nawaambia ukweli, neno lile liliniuma kuliko lililokuja baadaye, au niseme karibu sawa. Miaka thelathini kazi yangu ilikuwa kutangulia. Leo mashine inataka mtu mmoja, tena wa nyuma. Basi yule mwanamke alipoondoka tulitafuta namna. Udongo wa pwani yetu una mambo yake, umejaa nyavu kuukuu. Wavuvi wakitupa wavu uliooza, maji yanaupeleka, udongo unaufunika, na ule uzi wa nailoni hauozi. Kisu kikiudaka, unajisokota mpaka mashine inakohoa. Kwa hiyo tukakubaliana mimi nitangulie, nizitoe nyavu na mawe tunavyokwenda. Tungeweza kulisafisha shamba lote kwanza, kama tulivyofundishwa. Hatukufanya hivyo. Nilitaka kuwa mbele, na yeye alitaka niwe mbele, na hilo ni kosa letu wote wawili, sitamwachia peke yake. Gambuti zilikuwa jozi moja. Akavaa yeye, kwa kuwa yeye ndiye aliyeshika. Mimi nikabaki na katambuga zangu za tairi.

Na nilijisikia salama, nieleweke. Nilikuwa nimeijua sauti. Klachi ikibanwa, injini inaguna kama mtu aliyebeba gunia. Ikiachiwa, inapumua, inakuwa nyepesi. Kwa hiyo hata bila kugeuka nilijua: inaguna, amebana, yuko nyuma ameishika, nami niko hatua zangu sita. Inapumua, ameachia, naweza kuinama. Ilikuwa kama zamani. Msimu mzima wa kwanza tulilima hivyo na hakuna kilichotokea.

Siku yenyewe ilikuwa asubuhi ya kiangazi, maji yametulia, kuna wanawake watatu wanafua. Tulikuwa tumeshafanya mistari minne. Nikaona uzi mwekundu wa wavu, nikasimama, nikanyoosha mkono juu. Hiyo ndiyo ishara yetu ya kusimama. Nikainama. Nyuma nikasikia mashine inaguna. Nikajiambia, ameishika, amesimama nayo, anasubiri. Maana kama angeiachia ingepumua. Mguno ukasogea. Nikajiambia anaigeuza. Mguno ukasogea tena, na hapo ndipo kisu kikaingia kwenye katambuga ya mguu wa kushoto.

Tairi ile ndiyo iliyoniokoa. Kisu kilikula tairi kwanza, kikaning'oa vidole viwili na nyama ya kisigino, kisha ule wavu ukajisokota nao na mashine ikakwama juu yangu inaguna bila kuzunguka. Nilianguka kwa ubavu, uso wangu umeelekea nyuma. Kwa hiyo niliona.

Mwenzangu alikuwa ameanguka mbali, kama hatua tano. Alikuwa amejikwaa, gambuti imemtoka mguu mmoja. Mikono yake yote miwili ilikuwa chini kwenye udongo. Na mashine bado inaguna. Nikashindwa kuelewa. Akainuka, akaja mbio. Nikasema moyoni, anakuja kwangu. Hakuja kwangu. Alikwenda kwenye mshikio. Klachi ilikuwa imefungwa kwa ukanda wa mpira, ule wa tyubu ya baiskeli tunaofungia mizigo, umezungushwa mara mbili tatu. Akauvuta kwa vidole, haukutoka. Akauvuta kwa meno. Ukakatika. Mashine ikapumua. Akazima injini, akautia ule mpira kwenye mfuko wa shati, akafunga na kifungo cha mfuko. Kisha ndipo akapiga magoti kando yangu akaanza kulia.

Kile kifungo. Mguu umepona, vidole havipo na nimezoea kutokuwepo kwavyo, lakini kile kifungo bado nakiona akikifunga.

Wale wanawake wakaja wanakimbia na kanga zao zinavuja maji. Mmoja akauliza imekuwaje. Mwenzangu, na machozi usoni, akasema:

"Kaka ameingia mbele ya mashine! Nimempigia kelele, toka, toka! Hasikii. Masikio yameisha, mama, siku nyingi yameisha, nilikuwa namfichia aibu."

Nilikuwa namfichia aibu. Alilisema kwa uso ule ule wa nyoka na ng'ombe.

Kwa nini sikusema palepale? Nimejiuliza. Sehemu moja ni maumivu. Nyingine ni yule ng'ombe wa jirani, aliyenifunga mdomo. Na nyingine ni kwamba niliamini atasema mwenyewe. Nilimpa siku. Nikasema, ameogopa, ametaharuki, atakuja.

Akaja hospitali na machungwa. Binti yangu alikuwepo, akampisha kiti, akatoka kwenda kutafuta uji. Tukabaki wawili tu, mgonjwa wa kitanda cha pili amelala. Nikajiambia ni sasa. Akavuta kiti, akaweka mdomo wake karibu na sikio langu, nikasubiri lile neno.

"POLE SANA KAKA!" akapiga kelele. "UTAPONA!"

Hakukuwa na mtu wa kumdanganya mle ndani. Tulikuwa mimi na yeye. Nikamtazama machoni, akaanza kumenya chungwa.

Hapo ndipo nilipojua nimeachwa.

Uongo ukizoea nyumba unakuwa kama kabati, watu wanaupita pembeni. Kule Buzuruga, nilikopelekwa kukaa kwa binti yangu baada ya hospitali, wajukuu walifundishwa kunisalimia kwa nguvu. "SHIKAMOO BABU!" Nawaambia, "Marahaba, nasikia," mama yao anatabasamu kwa huruma, "Baba kila mara anasema anasikia." Nikijibu swali, wanasema nimesoma midomo. Nisipojibu, wanasema mnaona. Wakaanza kusema mbele yangu mambo ambayo hayasemwi mbele ya baba. Nikajua mkwe wangu hapendi ninavyokula. Nikajua binti yangu usiku hulala vibaya kwa sababu ya ile mashine, anajilaumu kwamba alimpa mtu asiyesikia kitu chenye visu. Hilo lilinitia uchungu. Ningemwambia habari ya ule mpira siku ile, lakini nikawaza, ataniuliza, Baba, mbona hukusema siku zote hizo? Na mtu anayesema nasikia wakati haaminiki, ataaminika vipi akisema niliona?

Siku moja nikamsikia anaongea na simu jikoni, mlango uko wazi. Anasema, "Ndiyo baba mdogo, lima wewe tu. Baba hawezi tena. Shamba likae kwako, angalau lisiwe pori. Jumamosi nitamleta aliage."

Aliage. Kishamba changu, ambacho nilikitoa mawe kwa mikono, ambacho ziwa lilipopanda lilinilia nusu nami nikabaki na nusu. Nilikuwa naenda kukiaga kama maiti. Na anayekichukua ni yule yule mwenye mpira mfukoni.

Nilikaa pale barazani nikiangalia mabasi, nikawaza. Kwa nini alifunga klachi? Nilikuwa nimejiuliza hilo tangu hospitali. Na nikakumbuka machungwa. Alimenya chungwa moja muda wote aliokaa. Kisu kilimponyoka mara mbili. Alikuwa analishikilia kwa mkono wa kushoto, ule wa kulia umekaa tu kama sahani.

Jumamosi tukaenda. Mwenzangu alikuwepo shambani, amevaa gambuti, mashine ameshaitoa.

"MWANGALUKA KAKA!"

"Mwangaluka," nikaitikia, ndiyo salamu yetu ya asubuhi.

Binti yangu akaanza kunieleza kwa kelele kwamba baba mdogo atalima, kwamba mchicha nitaletewa. Nikamwacha amalize. Nikasema, "Sawa. Lakini mimi nataka kumwona akilima mstari mmoja. Nisimame pale." Nikaonyesha kando, siyo mbele. Mbele sisimami tena maishani. Nikaenda kando kwa fimbo yangu, hatua kama kumi na tano, nikamgeuzia mgongo, nikatazama ziwa.

"BABA, UTAONAJE UKIWA UMEGEUKA?"

"Awashe tu."

Kamba ikavutwa, injini ikaitika. Ikaguna. Ikaguna kidogo, halafu ikapumua. Ikaguna tena. Ikapumua. Mara ya tatu haikufika hata hatua mbili.

Nikasema, bila kupandisha sauti, bila kugeuka, "Umeachia mara tatu, mdogo wangu. Mkono wa kulia haukazi."

Injini ikazimwa. Ndege tu walisikika, na maji.

Binti yangu akaja nyuma yangu. Kisha akanong'ona, kwa sauti ambayo mtu angetumia kanisani, "Baba, leo ungependa samaki wa kukaanga au nyama?"

"Sato," nikasema. "Na msimkaushe sana kama wa juzi, mumeo alivyolalamika nilimsikia."

Akashika mdomo wake. Nikageuka. Akawa ananitazama mimi, akamtazama baba mdogo wake, akamtazama tena mimi. Akaenda kwenye mashine, akainama, akapitisha kidole kwenye mshikio, pale klachi inapokutana nao. Rangi ilikuwa imelika kuzunguka kote, alama tatu nyembamba.

"Baba mdogo, hapa palikuwa pamefungwa nini?"

Mwenzangu alikuwa ameshika mkono wake wa kulia kwa mkono wa kushoto. "Mkono haukazi," akasema. "Tangu masika ya mwaka juzi. Vidole vinakufa ganzi. Ningesemaje? Mimi ni mtu wa kushika."

Alilisema kwa sauti ya kawaida, akinitazama mimi. Basi nikangoja. Nilidhani sasa litakuja na lile la pili, la mfuko na kifungo, na la kwamba masikio ya kaka hayana neno. Ningemsamehe, nadhani. Mkono ningemsamehe hata siku ile ile, angeniambia tu, tungebadilishana, mimi nyuma yeye mbele. Lile la pili hakulisema. Akavua gambuti, akazipanga vizuri kando ya mashine, akaondoka peku.

Sasa nalima mimi. Gambuti ya kushoto nimeijaza vitambaa pale vidole vilipokuwa. Kabla ya kuwasha natembea shamba lote na ndoo, natoa nyavu zote, na mawe yote, na binti yangu akija anasimama mbali kwenye njia kama alivyoelekezwa. Klachi haina kitu. Nikichoka naachia, inapumua, napumua na mimi. Mstari wangu umepinda, sitawadanganya.

Mwenzangu hupita asubuhi akienda ziwani. Zile kelele ameziacha. Anasimama kwenye njia, kwa sauti ya kawaida ya mtu na ndugu yake, anasema, "Mwangaluka, kaka." Mashine nimezima, hakuna upepo, wanawake wanafua pale pale.

Mimi naweka mkono sikioni. "Unasemaje? Sisikii."

Anatazama chini. Wanawake wanaacha kupiga nguo.

"Sema kwa nguvu," namwambia. "Masikio yameisha."

Na anapiga kelele. Kila siku anapiga, na kila siku namfanya arudie mara ya pili.